Kibanja, kiwanja cha hati, lizi au ardhi ya ukoo: ujenge wapi Uganda kabla mpango haujakukuta?

Mafao ya jeshi yakitoka, au biashara ya mpakani ikijibu, swali linalofuata katika nyumba nyingi zetu, iwe Bombo, Kisenyi, Busia au Arua, ni lilelile: tununue wapi tujenge? Wengi hulijibu kwa bei kwanza, kisha umbali wa barabara ya lami, kisha neno la dalali. Mpango wa matumizi ya ardhi huulizwa mwisho, mara nyingine msingi ukiwa umeshachimbwa na mchanga umeshamwagwa. Mimi nashauri uanze nao. Hati inakuambia ardhi ni ya nani, lakini mpango ndio unaosema ardhi hiyo ni ya nini: nyumba, duka, kiwanda, barabara au kinamasi kisichoguswa.

Kwa hiyo hapa nazipima aina nne za ardhi ambazo mtu wa kipato cha kati hukutana nazo sokoni: kibanja (haki ya kukaa kwenye ardhi ambayo hati yake ni ya mwingine), kiwanja cha hati, lizi (ardhi ya kukodi kwa miaka maalumu) na ardhi ya ukoo. Kipimo ni kimoja: mpango wa taifa ukishuka mpaka kwenye kipande chako, utakukuta umesimama wapi?

Mpango unavyoshuka

Tuondoe kwanza dhana kwamba mipango ni mambo ya mjini na kijijini kila mtu anajenga apendavyo. Sheria ya Mipango ya Ardhi ya 2010, iliyorekebishwa 2020, ilitangaza Uganda nzima kuwa eneo la mipango. Nzima maana yake nzima: shamba la migomba Masaka, kilima cha Kabale, pori la Karamoja. Kokote unakotaka kujenga, kisheria unahitaji kibali.

Juu kabisa ipo Dira ya 2040, iliyozinduliwa 2013, na mipango ya maendeleo ya miaka mitano mitano inayoitekeleza; wa nne ulianza mwaka wa fedha 2025/26. Upande wa ardhi yenyewe kuna Mpango wa Taifa wa Matumizi ya Ardhi wa 2018 hadi 2040. Chini yake inafuata mipango ya kanda, ya wilaya, ya jiji au manispaa, na mwishowe mchoro wa kina wa mtaa. Wa chini haupaswi kupingana na wa juu. Wanaoamua maombi yako ni kamati ya mipango ya eneo lako. Ya wilaya huongozwa na mtendaji mkuu wa wilaya, na ndani yake wamo afisa mipango, mpimaji, mhandisi wa barabara, daktari wa wilaya na mtu wa mazingira. Ndiyo maana ombi la nyumba ya vyumba vitatu linaweza kukwamishwa na mhandisi wa barabara: anaangalia mstari ambao wewe huuoni.

Mambo haya huonekana ya mbali mpaka yakufikie. Dira ya 2040 iliitaja Arua, pamoja na Gulu, Mbale na Mbarara, kuwa jiji la kanda. Mwaka 2020 Arua ikawa jiji kweli, na mipaka yake ikaimeza kaunti ya Ayivu. Mkulima wa Ayivu hakuhama hatua moja, lakini ombi lake la kujenga sasa linapelekwa jijini, na shamba lake limo ndani ya mchoro wa mji. Hoima nako, kwa sababu ya mafuta, ardhi ya Kabaale ilipangiwa kiwanda cha kusafisha mafuta na uwanja wa ndege, na hapo ndipo linapoanzia bomba la kilomita 1,443 linaloelekea Tanga. Aliyenunua karibu na huko kabla ya kuuliza mpango alikuwa anabahatisha.

Jambo la mwisho kabla ya kulinganisha: vibali ni viwili, na watu huvichanganya. Kimoja ni cha kuendeleza ardhi, kinachotoka kwa kamati ya mipango, na kinahusu matumizi: je, hapa panaruhusiwa nyumba ya kuishi? Kingine ni cha ujenzi wenyewe, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya 2013, na kinahusu jengo: michoro, nguzo, vyoo, usalama. Nyumba ikiisha kuna cheti cha kuruhusu watu waingie. Barua ya mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, si kimojawapo kati ya hivyo, hata ikiwa na mihuri mitatu.

Kibanja: bei nafuu, ulinzi mkubwa, ramani hakuna

Kibanja hukielewi bila Mkataba wa 1900 kati ya Waingereza na Buganda. Ardhi ya Buganda iligawiwa kwa maili za mraba kwa Kabaka, machifu na wakubwa wengine, ilhali watu wa kawaida walikuwa tayari wanaishi na kulima juu yake. Mpaka leo kwenye shamba moja kuna watu wawili wenye haki: mwenye mailo (ardhi iliyotokana na maili zile), ambaye ndiye mwenye hati, na mwenye kibanja, anayemlipa busuulu, kodi ndogo ya ardhi, kila mwaka. Katiba ya 1995 na Sheria ya Ardhi ya 1998 zinamlinda huyu wa pili, na marekebisho ya 2010 yakaongeza kwamba hafukuzwi ila kwa amri ya mahakama, tena kwa sababu moja tu, kutolipa busuulu.

Dalali atakusimulia ulinzi huo kwa moyo wote. Muulize anayelindwa ni nani. Sheria inamtambua aliyekaa kwenye ardhi hiyo bila kupingwa kwa miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba, yaani tangu 1983 au nyuma ya hapo, au aliyeingia kwa ridhaa ya mwenye ardhi, na yule aliyepokea haki kutoka kwao kwa njia halali. Wewe unayenunua leo kipande cha futi 40 kwa 60 kutoka kwa mjukuu wa mwenye kibanja, unaingia kwa mlango upi? Sheria inataka anayeuza kibanja ampe kwanza mwenye mailo nafasi ya kununua. Ukinunua kimyakimya, mkataba wako wenye saini za mashahidi wanne unathibitisha kwamba ulitoa pesa. Hauthibitishi kwamba mwenye ardhi anakujua.

Tuje kwenye mpango. Kibanja kwa kawaida hakijapimwa. Afisa mipango akifungua ramani yake anaona bloku na namba ya hati ya mwenye mailo, labda ekari kumi au hamsini, na ndani yake hakuna mstari wowote unaokuonyesha wewe. Njia ya kuingia kwako ni ucho­choro uliopatikana kwa sababu majirani waliachiana. Ukiomba kibali utadaiwa uthibitisho wa umiliki, na hapo barua ya ridhaa ya mwenye mailo inakuwa na thamani kuliko mabati yote uliyonunua. Wengi huikosa, wakajenga Jumamosi na Jumapili maofisa wakiwa nyumbani, kisha wakaishi miaka wakiogopa alama nyekundu ya X ukutani, ile ya kubomolewa.

Hali hii ina historia ndefu Kampala. Katikati ya miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilimwajiri Ernst May, mtaalamu wa mipango kutoka Ujerumani, kuchora upanuzi wa mji kuelekea Kololo na Naguru. Ng'ambo ya pili palikuwa Mengo, mji wa Kabaka, ardhi ya mailo, nje ya mamlaka ya mji wa wakoloni. Mipaka iliunganishwa 1968 tu. Ukitembea leo kutoka Nakasero kushuka Kisenyi, unaona kwa macho yako mahali mpango ulipoishia. Wanaoishi Kisenyi hawakushindwa kupanga maisha yao. Waliwekwa upande ambao hakuna aliyechora barabara wala mfereji. Kwa sababu hiyo nashindwa kuwalaumu watu wa vibanja, na kwa sababu hiyohiyo nasema usinunue kibanja kana kwamba historia hiyo imeisha.

Kibanja kinamfaa mtu anayemjua mwenye mailo kwa jina na sura, anayepata ridhaa yake kwa maandishi kabla ya kulipa, na mwenye nia ya kuzungumza naye baadaye ili amkatie hati. Asiyeweza hayo matatu, akae mbali hata bei ikiwa ya kutupa.

Kiwanja chenye hati: usalama wa karatasi, na hesabu ya ekari

Wakiso na Mukono zimejaa mabango ya viwanja vya futi 50 kwa 100 "hati zipo tayari". Soko ni kubwa kwa sababu watu wamehamia huko: sensa ya 2024 iliihesabu Wakiso kuwa na watu zaidi ya milioni 3.4, Kampala yenyewe takribani milioni 1.8. Mji uliruka mpaka wa jiji zamani.

Hebu nikuonyeshe jambo ambalo bango haliandiki. Ekari ina futi za mraba 43,560. Kiwanja cha 50 kwa 100 kinachukua 5,000. Muuzaji akiweka vinane kwenye ekari moja, ametumia 40,000, na zinabaki 3,560 za barabara, mfereji, nguzo za umeme na kila kitu kingine. Viwanja vinne kila upande: barabara ya katikati ina urefu wa futi 200, kwa hiyo upana wake ni futi 18 tu, pungufu ya mita 6. Gari mbili hazipishani vizuri, la zimamoto haligeuki, na mvua ya Aprili haina pa kupita ila sebuleni kwa mtu wa mwisho. Na kama dalali anakuambia kila kiwanja ni desimali 12 na nusu (desimali mia ni ekari moja), amegawa ekari kwa nane bila kutoa barabara hata kidogo. 50 kwa 100 halisi ni desimali 11 na nusu hivi. Ile desimali moja ndiyo barabara yako.

Hapa ndipo sera ya taifa ina faida ya kushikika mkononi. Kugawa shamba kuwa viwanja kunatakiwa kupitishwa na kamati ya mipango kwanza, na kamati huangalia upana wa barabara, njia ya maji, na kama eneo ni la makazi. Mwambie muuzaji: nionyeshe mchoro wa mgawanyo uliopitishwa, wenye muhuri wa kamati. Wa kweli anautoa siku hiyohiyo. Anayekuambia "mzee, hati ndiyo kila kitu" amekujibu.

Niliwahi kumsindikiza mjane mmoja kwenye ofisi ya baraza la mji fulani Wakiso, mwanamke wa makamo aliyelea watoto kwa kuuza sambusa, akiwa na nakala ya hati ya kiwanja alichotaka kununua. Kijana wa mipango, mpole, alichukua namba ya bloku na ploti, akatafuta kwenye ramani iliyobandikwa ukutani, akaweka rula.

"Mama, hapa inapita barabara."

"Barabara gani mwanangu? Nimefika pale. Ni migomba mitupu."

"Bado haijachongwa. Lakini ipo kwenye mpango, na inakula zaidi ya nusu ya kiwanja."

Hati ilikuwa safi. Jina la muuzaji lilikuwa la kweli, haina mkopo, haina zuio la mahakama. Upekuzi wa daftari la ardhi peke yake ungempa moyo wa kulipa. Kilichomwokoa ni rula ya yule kijana, na pesa zilizokuwa bado zimefungwa kwenye kanga. Lau angejenga kwanza, fidia angeidai, kwa maana Katiba inataka mtu alipwe kabla ardhi yake haijachukuliwa, na Mahakama ya Juu ilisisitiza hivyo 2015. Lakini kudai fidia ya nyumba isiyo na kibali, juu ya mstari wa barabara uliochorwa kabla yako, ni kazi ya kumzeesha mtu.

Kinamasi ni hatari nyingine ambayo hati haiiondoi. Katiba inasema maziwa, mito na ardhioevu serikali inavishikilia kwa amana ya wananchi wote. Hati iliyotolewa humo baada ya 1995 haina miguu. Mwaka 2024 Mamlaka ya Mazingira ilivunja nyumba kwenye kinamasi cha Lubigi pembezoni mwa Kampala, na familia zilizokuwa zimekaa humo zilitoka na magodoro kichwani. Kando ya Ziwa Victoria kuna ukanda wa mita 200 usiojengwa bila idhini. Kando ya mito mikubwa mita 100, midogo 30. Ukienda kuangalia kiwanja, nenda mwezi wa mvua. Ukiona mafunjo, au majirani wamejaza udongo wa moramu juu kuliko kawaida, rudi nyumbani.

Na hata hati ikiwa ya mtu mmoja, ardhi ambayo familia inaishi au inakula kutoka kwake haiuzwi bila ridhaa ya mke au mume. Mwombe mwenza wa muuzaji aje, aketi, aweke saini mbele yako.

Lizi ya mjini

Hii naipitia haraka kwa sababu ndiyo rahisi kuieleza. Katika miji ya zamani kama Jinja, Mbale, Tororo au katikati ya Arua, viwanja vingi ni vya lizi kutoka bodi ya ardhi ya wilaya. Mara nyingi unapewa kwanza muda mfupi, miaka mitano, uoneshe kwamba unajenga. Ukitimiza unaongezewa hadi 49 au 99. Matumizi yameandikwa ndani ya lizi yenyewe. Kiwanja cha makazi hufungui humo baa wala gereji bila kuomba kubadilisha matumizi.

Kwa upande wa mpango hii ndiyo ardhi iliyo wazi kuliko zote: imepimwa, ina barabara, ina namba, na ofisini wanajua nini kijengwe. Ubaya wake ni gharama, na ule muda wa kwanza ambao haumsubiri mtu anayejenga kidogo kidogo kila mshahara ukitoka. Anayejua kwamba atamaliza msingi mwaka huu na kuezeka baada ya miaka saba, asichukue lizi.

Ardhi ya ukoo

Kuanzia West Nile hadi Acholi, Lango na Teso, sehemu kubwa ya ardhi ni ya kimila. Mipaka ni miti, mawe na kumbukumbu za wazee. Sheria ya 1998 inaitambua sawasawa na mailo na umiliki huru, na inaruhusu familia ipate cheti cha umiliki wa kimila kupitia kamati ya ardhi ya eneo na bodi ya wilaya. Watu wengi hudhani ardhi ya kimila ni ardhi isiyo na mwenyewe kisheria. Si kweli, na dhana hiyo imewapokonya wajane na yatima mashamba yao.

Sasa tazama inavyokutana na mpango. Mji unapopanuka kama Arua ulivyofanya, wachora ramani huja kwenye ardhi ambayo haina mstari wa kisheria. Barabara mpya huchorwa moja kwa moja kupita kwenye boma la mtu, na kwenye karatasi hakuna kinachoonyesha kwamba pale pana boma. Mwenye cheti anaonekana. Asiye nacho anasubiri mzee wa ukoo aje kumsemea, na mzee naye ana shida zake.

Lakini kuna upande mwema ambao aina nyingine hazina. Rasimu ya mpango wa mji hutakiwa kuwekwa hadharani wananchi waione na watoe maoni kabla haijapitishwa. Kwenye mji mkongwe mambo yameshaamuliwa. Pembezoni mwa jiji jipya bado yanaamuliwa. Ukoo ukienda kwa pamoja, ukiwa na mchoro wake wenyewe uliopimwa, ukionyesha makaburi yako hapa, kisima kiko hapa, na barabara tunaitoa upande huu kwa hiari yetu, kamati ina kitu cha kufanyia kazi. Mtu mmoja mmoja akienda kulalamika baada ya mpango kupitishwa, anakuta mlango umefungwa. Ningeomba kila imamu, mchungaji na mwenyekiti wa kijiji pembezoni mwa majiji haya atangaze siku rasimu inapobandikwa. Hakuna tangazo la harusi lenye uzito kuliko hilo.

Kwa mnunuzi wa nje, ardhi ya ukoo ni nafuu na kubwa, lakini usimlipe mtu mmoja. Ndugu walio Kampala, shangazi aliyeolewa Koboko, kijana aliye jeshini, wote wanaweza kurudi kuuliza. Saini za ukoo zikamilike, eneo lipimwe, cheti kiombwe, ndipo uzungumzie matofali.

Ubavu kwa ubavu

Kupata kibali: lizi ndiyo nyepesi, kiwanja cha hati kinafuata ikiwa mgawanyo ulipitishwa, ardhi ya ukoo inawezekana ukiwa na cheti au makubaliano yanayoeleweka, kibanja kinategemea mwenye mailo.

Mkopo wa benki: hati na lizi yenye miaka mingi iliyobaki hupokelewa. Kibanja benki kubwa kwa kawaida hazikitaki. Utabaki na vyama vya kuweka na kukopa, ambavyo wakati mwingine hukubali mkataba.

Kufukuzwa: hapa kibanja cha kale, kile cha kweli, kina ngome ya sheria kuliko watu wanavyodhani. Ardhi ya ukoo inalindwa na ukoo wenyewe, na ukoo ukigombana ulinzi unapungua. Lizi inaweza kuisha.

Barabara ikipita: mwenye hati anajulikana na analipwa yeye, kwenye kibanja fidia huwahusu wawili, na ugomvi wa mgao huchelewesha wote, kwenye ardhi ya ukoo kila kitu kinategemea ushahidi ulioutayarisha mapema.

Kujenga polepole: kibanja na ardhi ya ukoo vinavumilia, lizi haivumilii.

Nisisahau nyumba za ghorofa. Dira ya 2040 na Sera ya Taifa ya Miji ya 2017 zinataka miji ikue kwa kusongamana na kwenda juu badala ya kutambaa mashambani, na Sheria ya Kondominiamu ya 2001 inaruhusu mtu kuwa na hati ya nyumba yake ndani ya jengo. Kwa familia inayotaka shule karibu na kazi mjini, wala haitaki kufuga wala kulima, hili ni chaguo la heshima. Bugolobi na Naalya zilionyesha muda mrefu kwamba mtaa uliopangwa kabla ya kujengwa hukaa vizuri miaka mingi. Bei ndiyo inayowazuia wengi wetu.

Nani achukue nini

Mstaafu mwenye pesa za mara moja, na asiye na ndugu wa kumsemea Wakiso, achukue kiwanja cha hati chenye mgawanyo uliopitishwa, hata kiwe mbali zaidi na kidogo zaidi. Bora desimali 8 zenye barabara ya kweli kuliko 12 za kichochoroni. Mfanyabiashara wa Busia au Arua anayeweza kujenga kwa mkupuo achukue lizi mjini. Kijana mwenye ardhi ya babu pembezoni mwa Gulu, Lira au Arua asiuze ili akanunue kibanja Kampala; aipime, aiombee cheti, aende kwenye kikao cha mpango. Thamani inamfuata alipo.

Kibanja, ukiacha yule mwenye yale matatu niliyotaja, ningemshauri mtu mmoja tu: yule ambaye tayari anaishi juu yake. Alipe busuulu kila mwaka na atunze risiti, na ikiwa mwenye mailo anakataa kupokea, apeleke malalamiko ofisini kwa maandishi mapema.

Kwa ndugu zetu kutoka Kongo, Kenya, Tanzania na Sudan Kusini wanaoishi hapa: Katiba haimruhusu asiye raia kumiliki mailo wala umiliki huru. Anaweza kupata lizi tu, isiyozidi miaka 99. Kuandikisha ardhi kwa jina la rafiki au mke wa hapa "kwa muda" kumeacha watoto wengi bila nyumba.

Na kwa sisi tunaosoma Kiswahili kuliko Luganda: mikataba ya vibanja na viwanja Wakiso huandikwa kwa Luganda au Kiingereza. Ipo sheria ya kuwalinda wasioweza kusoma hati wanazotia saini, inayomtaka aliyeandika aeleze kwamba alimsomea na kumfafanulia mhusika. Itumie bila aibu. Dai usomewe kwa lugha unayoielewa, jina la msomaji liandikwe chini, ndipo uweke dole gumba. Kisha, kabla ya pesa kuhama, chukua namba ya bloku na ploti uende ofisi ya mipango ya gombolola (ngazi iliyo chini ya wilaya), baraza la mji au manispaa inayohusika, uulize maswali matatu: eneo hili limepangiwa matumizi gani, kuna barabara au mfereji uliochorwa kupita hapa, na mgawanyo huu ulipitishwa kikao gani? Majibu uyaombe kwa maandishi yenye muhuri. Ikiwa wanasema eneo hilo bado halina mchoro wa kina, na ndivyo ilivyo katika magombolola mengi, waulize mpango wa wilaya unasemaje na mchoro unatarajiwa kuanza lini, halafu mwachie muuzaji asubiri mpaka ujibiwe.